"Pozitivu" na "Negativu" Kwenye Saratani ya Titi: Karatasi Inauliza Nini Hasa

Shangazi yangu anauza vitenge Busia, upande wa Uganda, hatua chache kutoka mpakani. Siku alipopokea majibu ya kinyama chake, kile kipande kidogo cha titi kilichokatwa ili kipimwe saratani, alinipigia simu akiwa bado barabarani, kelele za bodaboda zikimmeza sauti. "Mwanangu, Mungu ni mkubwa. Wameniandikia negativu mara tatu." Alikuwa anacheka. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa najua kidogo tu kuhusu ugonjwa huu, na hicho kidogo kilinitosha kutambua kwamba hizo hazikuwa habari za kuchekea.

Simlaumu hata kidogo. Hapa Uganda maneno hayo mawili tumefundishwa na kipimo kimoja, cha virusi vya Ukimwi. Kwa miaka mingi redio, mabango na kliniki za wajawazito zimetuzoeza: negativu unashukuru, pozitivu unatafuta pa kukaa kwanza. Kwa hiyo mwanamke akikabidhiwa karatasi ya saratani anaisoma kwa macho yale yale. Nimekaa na shangazi kwenye mabenchi ya kliniki kwa miaka minne sasa, na nimewaona wanawake wakitokwa na machozi kwa neno ambalo lilipaswa kuwapa nafuu. Kwenye kipimo cha vipokezi vya homoni, pozitivu haimaanishi kwamba umekutwa na kitu kibaya zaidi. Saratani tayari ipo, hilo limeshajulikana. Kinachoulizwa ni jambo jingine: uvimbe huu unaishi kwa nini, na je, tunaweza kuukatia hicho unachokitegemea?

Wanaozungumza Kiganda wanauita ugonjwa huu kkookolo, sisi wengine tunasema kansa au saratani, na majina haya yote yanatufanya tudhani ni ugonjwa mmoja. Wanawake wawili wanaweza kukaa benchi moja, uvimbe wao una ukubwa sawa, titi lile lile la kushoto, halafu mmoja akapewa vidonge vya miaka mitano na mwenzake asipewe hata kimoja. Ukiwasikia wanavyonong'ona utadhani kuna aliyependelewa. Tofauti yao ipo ndani ya seli.

Homoni ni ujumbe unaosafiri kwenye damu. Estrojeni na projesteroni, ambazo mwanamke anayepata hedhi huzitengeneza zaidi kwenye ovari, hupita mwili mzima: zinafika kwenye titi, mji wa mimba, mifupa, hata ubongo. Lakini kufika si kusikilizwa. Ili seli iitikie estrojeni, lazima iwe na kipokezi chake, protini inayosubiri ndani ya kiini cha seli. Nilipotaka kumweleza shangazi nilichukua mfano wa mkutano wa kijiji. Watu wameshakusanyika chini ya mwembe, ajenda ipo, lakini hakuna linaloanza mpaka mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, afike na kukaa. Kipokezi ndicho kile kiti. Estrojeni ndiyo mwenyekiti. Akishakaa, amri zinatoka: jeni fulani zinaamshwa na seli inaambiwa ikue, igawanyike.

Baadhi ya seli za titi lisilo na ugonjwa zina viti hivyo, ndiyo maana titi hujaa na kuuma hedhi inapokaribia. Seli ikigeuka kuwa saratani inaweza kubaki na viti vyake, tena vikaongezeka kuliko mwanzo, au ikavipoteza kabisa. Ikibaki navyo, kila siku estrojeni inapopita inakaa na kutoa amri. Hiyo ndiyo saratani yenye vipokezi, pozitivu. Ikivipoteza, estrojeni ipite isipite, seli imejifunza njia nyingine ya kujiendesha.

Kwenye karatasi utakuta herufi ER kwa kipokezi cha estrojeni na PR kwa kile cha projesteroni. PR ina siri yake nzuri. Jeni inayotengeneza kipokezi cha projesteroni ni mojawapo ya zile zinazoamshwa na kipokezi cha estrojeni. Kwa hiyo PR ikiwepo ni kama kuwaona watu wanatoka mkutanoni na majembe mabegani: unajua mwenyekiti alikaa na amri ikatolewa. Ndiyo sababu karatasi inayosema ER hakuna lakini PR ipo huwatia wataalamu shaka, na wengi huomba kipimo kirudiwe.

Wazo lenyewe la kuunyima uvimbe homoni ni la zamani kuliko majina yake. Mwaka 1896 daktari wa upasuaji wa Glasgow, George Beatson, alichapisha habari za mwanamke mwenye saratani ya titi iliyosambaa ambaye alimwondoa ovari, na uvimbe ukanywea. Neno homoni lenyewe lilikuwa halijatungwa. Waliomfuata waligundua kwamba upasuaji huo unawasaidia wanawake wachache tu, kama mmoja kati ya watatu, na hakuna aliyeweza kutabiri ni yupi. Ilichukua zaidi ya miaka 60 mpaka Elwood Jensen na wenzake huko Chicago walipoonyesha kwamba estrojeni hushikwa na protini maalumu ndani ya baadhi ya seli. Hapo ndipo swali likapata kipimo. Mwenye vipokezi atanufaika, asiye navyo asikatwe ovari bure.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayotaka kila familia iisikie, kwa sababu hapa kwetu ndipo mambo huharibika.

Kipimo hiki si cha damu. Kuna watu wameambiwa wakapime homoni, wakaenda maabara ya mtaani, wakatoa damu, wakalipa, wakarudi na karatasi yenye viwango vya estrojeni. Hiyo haijibu swali. Tunachotaka kujua ni viti vilivyomo ndani ya uvimbe, na vinaonekana kwenye kinyama chenyewe tu. Tena si kila sindano inafaa. Sindano nyembamba huvuta seli chache zilizotawanyika; inaweza kuonyesha kwamba ni saratani, lakini kwa vipokezi kinachotegemewa ni sindano nene inayotoa kijiti cha nyama, au kinyama kilichokatwa na daktari wa upasuaji.

Kinyama kikishatoka mwilini kinaanza kuharibika pale pale, na protini za vipokezi ni dhaifu. Kinatakiwa kiingie kwenye formalini, dawa ile yenye harufu kali inayochoma pua, ndani ya saa moja. Formalini iwe ya asilimia 10 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, iwe nyingi, mara kumi ya ukubwa wa kinyama, na kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Baada ya hapo kinazamishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kama utando wa kitunguu, vinawekwa juu ya kioo, kisha vinamiminiwa kingamwili zinazotafuta vipokezi na kuacha rangi ya kahawia pale vilipo.

Yote hayo yanasikika kama kazi ya maabara peke yake. Lakini hapa Uganda ni nani hubeba kinyama? Mara nyingi ni ndugu. Hospitali nyingi za wilaya hazina mtaalamu wa patholojia, yule anayesoma vinyama kwa hadubini, kwa hiyo mgonjwa anakabidhiwa kichupa na karatasi, anaambiwa apeleke Kampala au Mbarara. Kinyama cha shangazi kilikatwa Ijumaa mchana katika hospitali ambayo sitaitaja. Formalini ilikuwa imeisha. Mhudumu alikitia kwenye kichupa chenye maji ya dripu, akafunga kwa plasta, akamwambia binamu yangu akiwahishe. Jumamosi maabara zilifungwa, Jumapili pia. Kichupa kililala siku mbili juu ya kabati la vyombo. Jumatatu alfajiri binamu alikipakata ndani ya taksi, karibu kilomita 200 mpaka Kampala, amekiviringisha kwenye kitambaa kama yai. Alifanya kila alichoagizwa, na kwa upendo. Hakuna aliyemwambia kwamba maji ya dripu hayahifadhi kitu.

Zile negativu tatu zilizaliwa kwenye kichupa hicho.

Aliyeligundua ni mtaalamu mmoja wa patholojia, mtu mpole, aliyekubali niangalie kwenye hadubini yake baada ya daktari wa Kampala kuomba vioo vipitiwe upya. Kwanza alinionyesha kioo cha mgonjwa mwingine, bila jina, ili nijue pozitivu inafananaje: viini vya seli vya kahawia vimejaa kila mahali, kama buni zilizomwagika juu ya kitambaa cha buluu. Kisha akaweka cha shangazi. Buluu tupu. Akasogeza kioo taratibu mpaka pembeni, akasimama kwenye mirija miwili midogo ya titi ambayo haikuwa na saratani. Nayo ilikuwa buluu. "Hii ndiyo inayonisumbua," alisema. "Hata mirija mizima imenyamaza, na hiyo kwa kawaida huwa na vipokezi. Siwezi kusema uvimbe hauna. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo hakikufanya kazi."

Shangazi akakatwa kinyama cha pili, safari hii sindano nene, kikaingia kwenye formalini mbele ya macho yetu. Majibu: ER asilimia 80, PR asilimia 30, na HER2, protini ya tatu nitakayoieleza mbele, sifuri. Ugonjwa ulikuwa ule ule, mwanamke yule yule, wiki tatu baadaye. Bila yule mtu kusogeza kioo pembeni, shangazi angenyimwa dawa inayomfaa kuliko zote.

Asilimia hiyo inamaanisha ni seli ngapi za saratani, katika kila mia, zimeonekana na rangi. Kuanzia 1 kwa mia tayari inahesabiwa chanya, yaani pozitivu. Kati ya 1 na 10 inaitwa chanya ya chini, na huko madaktari huenda kwa tahadhari, kwa sababu nyingi za saratani hizo hufanana kitabia na zile hasi. Maabara nyingine hazitoi asilimia, zinatoa alama kutoka 0 hadi 8 zinazojumlisha wingi wa seli na ukolezi wa rangi. Kuanzia 3 ni chanya. Ukiona 7 usidhani ni hatua ya saba ya saratani. Hakuna hatua ya saba. Hatua huonyesha ugonjwa umefika wapi mwilini, vipokezi huonyesha unategemea nini, na mambo haya mawili hayachanganywi.

Kwa mwenye ER chanya, dawa inayojulikana zaidi hapa kwetu ni tamoksifeni. Kwenye boksi utaiona imeandikwa kwa herufi x. Ni kidonge kidogo, kwa kawaida miligramu 20 kila siku, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ilianza kutafutwa Uingereza miaka ya 1960 kama dawa ya kuzuia mimba, ikashindwa kazi hiyo, ikapata kubwa zaidi. Kwa mfano wetu wa mkutano, tamoksifeni ni mgeni anayewahi kiti. Mwenyekiti anafika, kiti kimekaliwa, mkutano hauanzi. Estrojeni imo kwenye damu kama kawaida, ila haina pa kukaa. Tafiti zilizofuatilia maelfu ya wanawake zimeonyesha kwamba wenye ER chanya wanaoimeza kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya titi kwa takriban theluthi moja katika miaka 15 ya mwanzo. Kwa asiye na vipokezi haipunguzi chochote. Mgeni hawezi kuwahi kiti ambacho hakipo.

Aina ya pili ya dawa, anastrozoli na letrozoli, hufanya jambo tofauti: humzuia mwenyekiti asitoke nyumbani kwake. Baada ya hedhi kukoma, estrojeni kidogo inayobaki hutengenezwa kwenye mafuta ya mwili na mahali pengine, na vidonge hivi huzuia utengenezaji huo. Lakini kwa mwanamke ambaye ovari zake bado zinafanya kazi, kumpa vidonge hivi peke yake ni kosa. Lazima ovari zinyamazishwe kwanza, kwa sindano au kwa upasuaji. Nalisisitiza kwa sababu wagonjwa wengi wa hapa Uganda hugundulika wangali vijana, bado wanapata hedhi. Ukiandikiwa letrozoli na bado unaona siku zako, uliza. Si utovu wa adabu.

Tamoksifeni nayo ina mambo yake. Joto linalopanda ghafla usiku mpaka shuka linalowa, ute ukeni, mara chache damu kuganda mguuni au mapafuni, na kwa waliokoma hedhi hatari ndogo ya saratani ya mji wa mimba. Damu yoyote ukeni baada ya hedhi kukoma ipelekwe kwa daktari upesi. Mimba isipatikane ukiwa unaimeza, maana inaweza kumdhuru mtoto. Na hapa kuna mtego: kliniki nyingi za uzazi wa mpango huwahi kutoa sindano ya miezi mitatu au kipandikizi, navyo ni homoni. Mwambie muuguzi waziwazi kwamba una saratani ya titi. Kitanzi cha shaba hakina homoni. Orodha ya dawa zako zote, ARV zikiwemo, daktari aione, kwa sababu zipo dawa zinazoingiliana. Kuhusu uji wa soya, ambao wanawake wengi wameambiwa wauache kabisa: tafiti kwa waliokula soya kama chakula cha kawaida hazijaonyesha kwamba iliwadhuru.

Kinachowaponza wengi ni kuacha mapema. Mwaka wa kwanza unaisha, uvimbe hauonekani, nauli ya kwenda kuchukua vidonge ni ghali, mtu anasema nimepona. Saratani yenye vipokezi ina subira. Inaweza kukaa kimya miaka kumi, kumi na tano, halafu ikajitokeza kwenye mfupa.

HER2 iko karatasi hiyo hiyo lakini si kipokezi cha homoni. Ni protini juu ya utando wa seli, na husomwa kwa 0, 1, 2 au 3 zikifuatiwa na alama ya kujumlisha. Tatu ni chanya. Mbili haijaamuliwa, inahitaji kipimo kingine cha jeni. Yenye HER2 chanya ina dawa yake, trastuzumabu, iliyoingia kwenye orodha ile ya dawa muhimu mwaka 2015. Bei yake bado ni mlima kwa familia nyingi.

Vikiwa hasi vyote vitatu, inaitwa hasi tatu. Tafiti zilizofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, ziliikuta kwa kiasi cha theluthi moja ya wagonjwa, wakati Ulaya na Marekani ni kati ya 10 na 20 katika kila mia. Sehemu ya tofauti hiyo ni ya kweli, inatokana na umri mdogo wa wagonjwa wetu na asili zetu. Lakini baada ya kukiona kile kioo cha buluu, siwezi kuamini kwamba yote ni ya kweli. Tukisema "saratani ya Waafrika haina homoni", tunamfungia mlango mwanamke ambaye kosa lake ni kichupa. Na hata kwa aliye na hasi tatu ya kweli, hiyo si hukumu ya kifo. Kimoterapia hufanya kazi kwake, mara nyingine uvimbe ukayeyuka wote kabla ya upasuaji, na waliovuka miaka mitano ya mwanzo bila kurudiwa hatari yao hushuka sana. Kinachotakiwa kwake ni haraka, kwa sababu ugonjwa wake hauna subira.

Nimetaja wanawake tu, lakini wanaume pia hupata ugonjwa huu, kama mmoja katika kila wagonjwa mia, na kwao karibu wote huwa na vipokezi. Mzee mwenye uvimbe nyuma ya chuchu apimwe vile vile.

Ugonjwa ukirudi, hata baada ya miaka mingi, daktari mzuri ataomba kinyama kipya pale inapowezekana, kwa sababu vipokezi vinaweza kubadilika: vilivyokuwepo vikatoweka, mara chache visivyokuwepo vikaonekana. Majibu ya mwanzo pia yatahitajika, na hapa ndipo familia nyingi hupotea. Karatasi zinaliwa na mchwa, hospitali inabadilisha mfumo wa mafaili. Lakini kile kibonge cha nta chenye kinyama ndani yake kinaweza kudumu miaka mingi maabara, na kinaweza kukatwa tena na kupimwa upya bila mgonjwa kuguswa. Kina namba. Iulize siku ya kupokea majibu, iandike mahali pawili.

Ya shangazi imeandikwa kwa kalamu ya wino nyuma ya kadi yake ya kliniki, na mara ya pili ndani ya kifuniko cha boksi la biskuti anamowekea vidonge, pale kwenye kibanda cha vitenge. Saa moja kamili jioni, mwadhini anapoanza, anafungua boksi na kumeza kimoja kwa chai. Amebakiza miezi kumi na nne, na daktari ameanza kumtajia kwamba huenda akaongezewa miaka mingine mitano.